Lori la kwenye saitimira liko wapi hasa?

Juzi nilipanda bodaboda kutoka Pongwe kurudi mjini Tanga, lori la saruji likiwa nyuma yetu. Kijana akatupia jicho saitimira, akasema, "Bado yuko mbali huyo, mwalimu," akaanza kuhamia kulia kukwepa shimo. Honi iliyolia hapo nusura initoe roho.

Nafundisha fizikia, na honi ile imenikumbusha jambo ambalo huwa tunalipita mbio darasani. Tunawaambia wanafunzi kwamba taswira kwenye kioo mbinuko (kile kilichotuna kama mgongo wa kijiko, ndicho cha saitimira) huwa wima, ndogo, na iko karibu, nyuma ya kioo. Karibu! Mbona dereva analiona lori liko mbali?

Tupige hesabu. Chukua kioo chenye fokasi (umbali kutoka kioo hadi nukta ambayo miale sambamba huonekana kutokea) ya sentimita 50, lori la kimo cha mita 3, likiwa mita 12 kutoka kwenye kioo. Kanuni ni 1/f = 1/u + 1/v (f ni fokasi, u ni umbali wa lori hadi kioo, v ni umbali wa taswira hadi kioo, vyote kwa mita), na kwa kioo mbinuko f inabeba alama ya kutoa; kila mwaka kuna wanaoisahau na maksi zinakwenda. Utapata v = −0.48, yaani taswira iko sentimita 48 tu nyuma ya kioo. Ukuzaji, yaani kimo cha taswira ukigawa kwa kimo cha lori, ni 0.48 ÷ 12 = 0.04. Lori zima limekuwa la sentimita 12, fupi kuliko kalamu yako.

Jicho la dereva likiwa nusu mita kutoka kwenye kioo, taswira iko sentimita 98 kutoka kwake. Ila ubongo hauna habari na sentimita hizo. Unajua lori lilivyo kubwa, unaliona dogo, basi unaamua liko mbali. Kitu cha sentimita 12 kwa umbali wa sentimita 98 huonekana sawa na lori la mita 3 lililo mita 24.5. Kioo bapa kingelionyesha kwenye mita 12.5.

Bapa hawaweki kwa sababu kingeonyesha kipande chembamba cha barabara, na bajaji inayochomoza pembeni usingeiona.

Tuliposhuka Ngamiani ndipo nikavitazama vizuri vioo vya yule kijana. Vya kiwandani ameving'oa, kafunga vya duara vya fasheni, vimetuna kweli kweli. Kioo kikituna zaidi fokasi hupungua; ikishuka hadi sentimita 25, lori lilelile linaonekana liko mita 36.5.