Kupika Bia ya Kwanza kwa Kimea: Dhana Potofu na Ukweli

Anayetaka kupika bia yake ya kwanza kwa kimea cha nafaka, yaani nafaka iliyooteshwa kisha kukaushwa, badala ya shira ya kimea iliyokwisha kutayarishwa kiwandani, huambiwa mengi kabla hajawasha jiko. Sehemu kubwa ya maneno hayo humfanya aogope yasiyo na madhara na kuyapuuza yanayoweza kuiharibu bia yote, kwa hiyo ni vyema yapimwe kwa makini.

Husemwa kwanza kwamba kazi hii haiwezekani bila matangi matatu, pampu na mabomba. Ukweli ni kwamba kwa lita 10 za bia hutosha sufuria moja ya lita 20, mfuko wa kitambaa chepesi kinachopitisha maji na kustahimili joto, kipimajoto, haidromita (kifaa kinachopima uzito wa maji ya kimea au bia ukilinganishwa na maji matupu), na ndoo ya kuchachushia yenye kifuniko na valvu ya kutolea gesi. Kimea cha shayiri kilo 2 na robo hutiwa ndani ya mfuko katika lita 15 au 16 za maji. Nafaka itanyonya takriban lita moja kwa kila kilo, na nyingine tatu hivi zitapotea kwa mvuke wakati wa kuchemsha. Kimea hicho kipaazwe tu, kisisagwe kuwa unga, kwa sababu unga huziba kitambaa na kuzuia maji yasichuje. Kama fedha ni chache, kwa maoni yangu zitumike kwanza kununua kipimajoto kinachosema kweli.

Nasema hivyo kwa sababu ya dhana ya pili, ambayo ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote: kwamba kimea huchemshwa kama uji hadi kiive. Kimea hakiivishwi, huloweshwa katika maji ya moto ili vimeng'enya vilivyomo ndani yake vigeuze wanga kuwa sukari, na vimeng'enya hivyo hufa maji yanapokaribia kuchemka. Viwili ndivyo vinavyofanya kazi kubwa. Beta-amilesi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 65 za selsiasi, nayo hutoa sukari ambayo hamira huila kwa urahisi. Alfa-amilesi hupendelea nyuzi 68 hadi 72, na huacha pia sukari ndefu ambazo hamira haiziwezi. Ndiyo maana kimea kilekile kikilowekwa kwenye nyuzi 63 hutoa bia kavu na nyepesi, na kwenye nyuzi 69 hutoa bia nzito kidogo yenye utamu uliobaki. Kwa mara ya kwanza nyuzi 66 zafaa. Kwa vipimo nilivyotaja, maji yafikishwe nyuzi 69 kabla ya kutia nafaka, kwa kuwa nafaka yenyewe ina ubaridi na itayashusha. Baada ya hapo jiko lizimwe, kimea kikorogwe mpaka pasibaki bonge, sufuria ifunikwe kwa blanketi, na iachwe kwa saa moja. Joto likishuka nyuzi moja au mbili katika saa hiyo hakuna kilichoharibika, kwani sehemu kubwa ya ugeuzaji hufanyika katika nusu saa ya kwanza.

Wapo pia wanaoonya kwamba mfuko, ukitolewa baada ya saa hiyo, usikamuliwe kamwe, ati bia itapata ukakasi. Ukakasi hutokana na tanini za maganda, nazo hutoka kwa wingi maji yanapozidi nyuzi 77 au yanapokuwa na ualkali mwingi, si kwa sababu ya mkono unaokamua. Kuhusu maji yenyewe, ni kweli kwamba yanayonyweka yanafaa, isipokuwa yakiwa na klorini nyingi, ambayo huungana na viambato vya kimea na kuleta ladha ya dawa. Kiasi kidogo sana cha potasiamu metabisulfaiti huiondoa.

Dhana nyingine humchosha mwanafunzi bure: kwamba kila chombo, tangu mwanzo, lazima kiuliwe vijidudu. Vyombo vya kabla ya kuchemsha vinahitaji kuwa safi tu, kwa sababu saa moja ya mchemko, ambayo hopsi (maua ya mmea wa kukolezea bia) hutiwa humo ili zitoe uchungu na harufu, itaua vilivyomo. Hatari huanza moto unapozimwa. Kuanzia hapo, kila kitakachogusa maji ya kimea, yaani ndoo, kijiko, mpira wa kuhamishia na hata mkasi wa kukatia pakiti ya hamira, kioshwe kwanza kisha kitiwe kiuavijidudu. Hayo ni mambo mawili tofauti, kwa maana dawa haiwezi kufikia vijidudu vilivyojificha chini ya uchafu.

Maji yapoozwe hadi karibu nyuzi 20 ndipo hamira itiwe. Wengi huamini kwamba joto zaidi ni bora kwa kuwa bia huchachuka upesi. Huchachuka upesi kweli, lakini hamira iliyopata joto kupita kiasi hutoa alkoholi nzito zenye ukali unaochoma koo, na ladha hiyo haitibiki baadaye. Hamira nyingi za bia za aina ya eli, yaani zinazochachushwa kwa joto la wastani, hufanya vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Ikumbukwe kwamba uchachushaji wenyewe huzalisha joto, hivyo ndani ya ndoo huwa na nyuzi kadhaa zaidi ya chumba. Kuiweka ndoo ndani ya beseni la maji baridi husaidia sana.

Naomba msomaji azingatie hasa dhana ifuatayo, kwa kuwa inahusu usalama: kwamba mapovu ya valvu yakikoma, bia imekwisha na iwekwe kwenye chupa. Mapovu hukoma hata kifuniko kikivujisha gesi tu, au hamira ikizubaa kwa baridi. Shahidi ni haidromita. Bia iliyoanza na kipimo cha 1.050 na kushuka hadi 1.012 ina takriban asilimia 5 ya kilevi. Kipimo hicho cha mwisho kibaki vilevile kwa siku tatu mfululizo ndipo iwekwe kwenye chupa, kwa kawaida baada ya wiki mbili. Ikifungwa mapema, sukari iliyobaki huzalisha gesi hadi chupa ipasuke na kurusha vigae. Kwa sababu hiyohiyo sukari ya kuleta povu, inayotiwa wakati wa kuweka bia kwenye chupa, ipimwe kwa mizani: gramu 60 hadi 65 kwa lita 10, iliyoyeyushwa katika maji yaliyochemshwa, nazo chupa ziwe zile nene zilizotengenezwa kwa ajili ya bia.

Hofu ya methanoli, yaani alkoholi yenye sumu, haina msingi hapa. Sumu hiyo hutokana zaidi na pektini ya matunda, na misiba inayosikika huhusu vinywaji vikali vilivyokenekwa au kughushiwa. Bia ya shayiri haikenekwi. Wala weusi wa bia si kipimo cha ukali wake, kwani rangi hutoka kwenye kiasi kidogo cha kimea kilichokaangwa.

Chupa zikishafungwa, zikae gizani wiki mbili kwa joto la kawaida la chumba, kisha ijaribiwe moja baada ya kulala kwenye friji, ikimiminwa taratibu ili mashapo ya hamira yabaki chini.