Nairobi hadi New York: kwa nini ndege huchelewa kuliko hesabu ya simu yako

Ukiiuliza programu ya simu umbali kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa John F. Kennedy, New York, itakupa takribani kilomita 11,840. Boeing 787 hukata kama kilomita 900 kwa saa, basi programu inagawanya na kukwambia saa 13 na ushei. Lakini Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, ratiba ilisema takribani saa 15 kwenda na 14 kurudi. Mimi hupanga safari za ndege, na hakuna swali ninalopenda kuulizwa kama hili la saa zilizozidi.

Hizo kilomita 11,840 ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Chukua tufe, vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York: utapita juu ya Darfur, jangwa la Algeria na Moroko, kisha jirani na visiwa vya Azores katika Atlantiki. Ila tangu vita vizuke Sudan Aprili 2023, sehemu kubwa ya anga yake imefungwa. Ndege inalazimika kuzunguka, na kilomita zinaongezeka hata kabla ya kuhesabu upepo.

Na upepo ndio wenye neno la mwisho. Ukishaiacha tropiki, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mikondo mikali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Majira ya baridi huko kaskazini, mikondo hiyo huweza kupita kilomita 160 kwa saa. Nahodha wa jahazi anayeshuka kutoka Lamu wakati wa kusi ataelewa mara moja: chombo kinakata maji vizuri, lakini pwani haisogei.

Tuseme wastani wa upepo kwa safari nzima ni kilomita 50 tu kwa saa. Kwenda, ndege inasonga juu ya ardhi kwa 850, yaani saa 13 na dakika 56. Kurudi inasukumwa hadi 950, karibu saa 12 na nusu. Ongeza kupanda, kushuka na foleni za ardhini, utaikaribia ratiba ile ya 2018; mzunguko wa kuikwepa Sudan ni juu ya hapo.

Kwetu sisi wapangaji, dakika hizo ni uzito. Ndege hii hula takribani tani 5 za mafuta kwa saa, kwa hiyo nusu saa ya ziada ni tani 2 na nusu: karibu abiria 25 na mabegi yao. Na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na uwezo wa mabawa kunyanyua, hivyo huwezi kujaza mafuta na mizigo utakavyo. Kuruka usiku kunasaidia sana, maana hewa ikipoa huwa nzito.

Tiketi nayo isikuchanganye, kwa sababu huandika saa za kila mji. Ukiondoka saa tano na nusu usiku na kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utadhani umesafiri saa 7. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, na kuanzia Machi hadi Novemba, Wamarekani wakisogeza saa zao mbele, tofauti hubaki 7.