Kabla ya kuchangia miti ya asili, ulizeni nani atapalilia

Masika yanapokaribia, na Siku ya Kupanda Miti Kitaifa ikiwa Aprili 1, vijiji na vikundi vingi vya Moshi huanza kuchangisha fedha kwa ajili ya misitu ya jamii. Nia hiyo tunaiunga mkono kwa moyo wote. Tatizo ni bajeti zinazoishia kwenye ununuzi wa miche, kana kwamba mche ukishafukiwa kazi imekwisha.

Kwanza, mgrivea si mti wa asili. Unafaa shambani kwa kuni na mbao, lakini asili yake ni Australia, sawa na mikaratusi. Hili limeelezwa mara nyingi, na bado orodha za "miti ya asili" zinakuja zimejaa migrivea. Andikeni majina: mringaringa, mfuruanje, msesewe, mkuyu. Mkuyu upelekwe penye unyevu. Mtarakwa huvumilia upande mkavu. Mkulo, ambao Wachaga huuita mseri, una mbegu zinazoharibika upesi na kushambuliwa na wadudu. Palipo na visiki au mizizi yake hai, fedha ya wigo na mlinzi ina faida kuliko ya kitalu, kwa sababu unachipua wenyewe.

Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inahitaji miche 1,111. Ongezeni miche ya kurudishia itakayokufa. Mashimo yachimbwe mapema, sentimita 60 upana na kina, udongo wa juu uwekwe kando ili urudi kwanza shimoni. Subirini ardhi ilowe vizuri. Mvua moja haitoshi. Kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa mche, kivuliwe chote. Mche uliopandwa na kiriba mizizi yake hujizungusha humo humo, na kiangazi kikija hauna pa kunywea. Palilieni mita 1 kuzunguka kila mche, kwa miaka 3, na fedha ya kazi hiyo itengwe tangu siku ya harambee.

Kuhusu fedha zenyewe: halmashauri ya kijiji ijadili, mkutano mkuu wa kijiji uridhie, ndipo mchango uanze. Kila anayetoa apewe stakabadhi, hata wa shilingi 500. Ahadi ziandikwe kwenye daftari la peke yake, tofauti na fedha taslimu. Fedha ziingie benki zikiwa na watia saini zaidi ya mmoja, na kamati ya maliasili isome mapato na matumizi kwenye mkutano wa kila miezi 3.

Mchango haumpi mtu haki ya kukata. Msitu wa mlimani uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na huko kijiji hakigawi vibali. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mkosaji anaweza kutozwa faini, kufungwa au vyote viwili, na vifaa vyake kutaifishwa. Kwa msitu wa kijiji, sheria ndogo haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe. Kamati inayotoza wenye mbuzi faini kabla ya hapo inavunja sheria, hata kama mbuzi wamekula miche yote.

Oktoba, kabla ya vuli, hesabuni miche iliyo hai. Idadi hiyo ndiyo isomwe kwa wachangiaji, si ile iliyopandwa.