Trekta Ikizama Kwenye Mafuriko, Usiguse Swichi

Maji yakishapungua, kitu cha kwanza ambacho mwenye trekta anatamani kusikia ni mlio wa injini. Ninamwelewa kabisa, maana trekta ndiyo riziki yake. Lakini kwa miaka yote niliyofungua injini zilizozama, zilizoharibiwa na haraka ya kuziwasha zimekuwa nyingi kuliko zilizoharibiwa na maji yenyewe.

Sababu ni moja: hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda na kukuta maji juu yake, inagota kama imekutana na jiwe. Nguvu ya starta peke yake yaweza kupinda konrodi, yaani ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki. Kuivuta kwa trekta nyingine ili iwake ni hatari zaidi, kwa sababu uzito wote wa mashine unaielemea pistoni isiyo na pa kwenda. Na ubaya wa konrodi iliyopinda kidogo ni kwamba haijitangazi siku hiyo. Niliwahi kufungua injini iliyowashwa baada ya mafuriko ikafanya kazi vizuri, hadi siku konrodi ilipokatika katikati ya kulima na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini. Mwenyewe alikuwa ameshasahau habari ya maji.

Kwa hiyo anza kwa kutoa waya wa betri, ule wa hasi kwanza. Kisha tafuta alama ya maji. Tope huacha mstari kwenye matairi, kwenye boneti, hata ndani ya kioo cha taa. Uchore kwa chaki kuizunguka trekta nzima kabla ya kuosha, kwa sababu ukishaosha umeufuta ushahidi. Mstari ukiishia kwenye ekseli, kazi yako ni habu, breki na grisi. Ukifika usawa wa pa kukanyagia, hesabu klachi, gia boksi na starta. Ukipita mdomo wa kuingizia hewa, chukulia kwamba injini ina maji hadi uthibitishe vinginevyo.

Unapoosha, osha tope likiwa bado bichi, lakini usielekeze maji ya presha kwenye beringi wala kwenye sili, ile mipira inayozuia oili isivuje. Utaingiza kwa mashine ya kuoshea kile ambacho mafuriko yalishindwa kuingiza.

Sasa oili ya injini. Watu huchomoa kijiti cha kupimia oili, wakiona oili ni nyeusi kama kawaida wanaridhika. Hicho kijiti kinaweza kukudanganya. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hutuama chini ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, na oili huelea juu yake. Angalia kama kipimo kimepanda kupita alama ya juu, halafu legeza bolti ya kumwagia polepole bila kuitoa. Yakitangulia maji matupu, usivunjike moyo: mara nyingi maana yake hakuna aliyeizungusha injini tangu izame. Ikitoka oili nyeupe kama maziwa, kuna uwezekano mkubwa mtu amekwisha jaribu kuiwasha, na hapo mimi huanza kuzishuku konrodi. Ukiwa na shaka, dondosha tone kwenye bati la moto. Oili yenye maji hutatarika.

Fungua bomba la hewa baada ya filta na upitishe kidole ndani. Ukikuta unyevu au tope, toa nozeli zote, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda. Zungusha krenki, shafti kuu ya injini, kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, ili kila pistoni ipitie mapigo yake yote manne. Usiweke uso juu ya matundu ya nozeli, maji hutoka kwa kasi. Yakiisha, tia oili safi kidogo katika kila silinda, zungusha tena. Hata kama vipuri havijapatikana, hatua hii isisubiri, kwa sababu kutu haisubiri. Filta ya hewa ya karatasi iliyolowa haikaushwi, inatupwa.

Dizeli nayo imwage yote, tangi lisafishwe, filta zibadilishwe. Pampu ya nozeli inalainishwa na dizeli yenyewe, na nafasi kati ya vyuma vyake ni nyembamba kuliko unywele. Maji machache tu yanatosha kuifanya ikwame. Kama yameifikia, ipelekwe kwa fundi wa pampu.

Sehemu inayonisikitisha zaidi ni ya nyuma, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Katika trekta nyingi oili moja hutumika kwenye gia, kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma) na kwenye haidroliki inayonyanyua jembe, na gia boksi ina tundu la kupumulia. Maji yakilipita tundu hilo, yameingia. Tena trekta ikizama ikiwa ya moto, oili na hewa ya ndani hupoa ghafla na zaweza kuvuta maji kupitia sili, hasa tundu likiwa limeziba. Hapo imwage yote. Ni oili nyingi na gharama ya kuibadilisha inauma, lakini maji yakibaki yatakula beringi na pampu ya haidroliki polepole hadi jembe likatae kunyanyuka.

Klachi kavu huganda kwenye gurudumu la injini kwa kutu. Utakanyaga pedali na gia zitaendelea kusaga. Chini ya nyumba ya klachi huwa kuna tundu dogo la kutolea maji, na mara nyingi tope limeliziba. Lizibue mapema.

Kwenye umeme, kupuliza hewa pekee hakutoshi. Tenganisha kila kiunganishi, kioshe kwa maji safi, kikauke, hasa kama yalikuwa maji ya chumvi. Starta na alteneta zifunguliwe, maana tope hukaa ndani ambako huwezi kuliona. Trekta yenye kompyuta isirudishiwe betri kabla kila soketi haijakauka.

Ikiwa yote ni safi, weka oili mpya na filta mpya, washa, iache injini izunguke taratibu dakika chache bila mzigo, zima, mwaga oili ingali ya moto. Ikiwa bado na weupe, rudia. Hapa usitafute oili ya bei kubwa, tafuta ya daraja sahihi, kwa kuwa utaimwaga. Piga grisi kila mahali hadi ya zamani itoke yote na mpya ionekane. Jaribu breki kwa mwendo mdogo kabla ya kutoka barabarani.

Baada ya siku chache za kazi, iache trekta ilale usiku kucha mahali tambarare. Asubuhi, kabla ya kuiwasha, legeza bolti ya kumwagia oili ya gia boksi uone ni nini kinatangulia kutoka.