Je, wajua kwa nini Uingereza haina kitambulisho cha taifa?

Ukihamia London ukataka kufungua akaunti ya benki, usishangae ukiambiwa ulete bili ya umeme. Karatasi inayoonyesha kwamba mtu mwenye jina lako anadaiwa umeme katika nyumba fulani ndiyo ushahidi kwamba unaishi humo. Utaongeza pasipoti au leseni ya udereva, kama unayo, na mambo yamekwisha. Hakuna kadi moja ambayo kila raia hupewa akifikia utu uzima, wala hakuna namba moja inayomfuata kila aendako. Namba ya bima ya taifa ni ya kodi na pensheni, ya matibabu ni ya hospitali, ya leseni ni ya barabarani, na namba hizo hazijuani. Hata kupiga kura: mpaka ilipofika 2023, mtu wa England alitaja jina na anwani yake tu, akapewa karatasi ya kura.

Kwa sisi tuliozoea kuulizwa kitambulisho kuanzia kwa wakala wa laini za simu hadi getini, hili ni kama kusikia kwamba kuna nchi isiyofunga milango.

Linashangaza zaidi ukikumbuka neno kipande. Ni Waingereza haohao waliotunga mwaka 1915, huko Kenya, sheria ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika kuanzia umri wa miaka 16. Ilipoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mmoja alitakiwa kutembea na kipande, yaani karatasi yenye alama zake za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukiacha kazi bila mwajiri kuweka saini yake, wewe ni mtoro. Harry Thuku, mmoja wa waliokipinga, alikamatwa Machi 1922. Mwaka uleule wa 1915 Uingereza iliwaandikisha watu wake pia kwa ajili ya vita, ila vita vilipokwisha daftari likafungwa. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba hawakujua vitambulisho ni nini. Walivijua vizuri mno.

Jibu la swali letu nitalitoa mapema, maana limejificha nyuma ya kelele nyingi. Kadi yenyewe haiwasumbui sana. Wanachokihofia ni daftari lililo nyuma ya kadi: limeandikwa nini, linashikwa na nani, na linakumbuka mambo kwa muda gani.

Mara ya kwanza walijifunza hilo kwa vitendo. Septemba 1939, vita na Ujerumani vilipoanza, kila mkazi alipewa kadi. Sababu zilitajwa tatu: kuandikisha watu jeshini, usalama wa nchi, na mgawo wa chakula. Vita vikaisha mwaka 1945, kadi ikabaki. Kufikia 1950 sababu tatu zilikuwa zimezaa hadi 39. Polisi walikuwa wameshazoea kuidai hata kwa makosa madogomadogo.

Desemba 1950, huko Finchley kaskazini mwa London, konstebo Harold Muckle alimsimamisha dereva mmoja kwa mwendo wa kasi, akamwomba kadi. Dereva, Clarence Willcock, alikuwa mfuasi wa chama cha Liberal, na alijibu kwamba yeye ni Liberal na hataki mambo ya namna hiyo. Akapewa karatasi ya kumtaka aipeleke kadi kituoni ndani ya siku mbili. Akakataa hilo pia. Mahakamani alikutwa na hatia, akakata rufaa, akashindwa tena mwaka 1951. Lakini Jaji Mkuu, Lord Goddard, alipokuwa akimkatalia alimpa ushindi mkubwa kuliko rufaa: alisema sheria iliyotungwa kwa ajili ya vita isitumiwe kwa mambo mengine, na kwamba kumdai kadi kila mtu mwema ni kumgeuza awe mvunja sheria. Februari 1952 serikali ya Churchill ikazifuta kadi.

Miaka 50 ikapita kimya. Baadaye, serikali ya Tony Blair ikalirudisha wazo hilo, safari hii likiwa limevaa nguo za kompyuta. Sheria ya Kadi za Utambulisho ilipita Machi 2006. Gazetini mjadala ulikuwa juu ya kadi, ila ukiifungua sheria yenyewe unakuta kwamba kadi ni kama risiti tu. Mzigo wenyewe ulikuwa Daftari la Taifa la Utambulisho, na kiambatisho cha sheria kiliorodhesha taarifa kama 50 zinazoweza kuwekwa humo: majina yote uliyowahi kutumia, kila anwani uliyoishi, alama za vidole, picha ya mboni ya jicho. Ukihama usitoe taarifa, faini ingeweza kufika pauni 1,000.

Katika orodha hiyo palikuwa na kipengele kimoja ambacho kwangu ndicho kiini cha ugomvi wote. Benki ikitaka kujua kama kadi yako ni halali, italiuliza daftari. Daftari litajibu ndiyo au hapana, kisha litajiandikia: benki fulani, siku fulani, saa fulani, imemuuliza fulani. Kesho hospitali itauliza, keshokutwa mwenye nyumba, mwezi ujao mwajiri. Hakuna aliyekaa kuandika shajara ya maisha yako, lakini baada ya miaka kumi shajara hiyo ipo, na imehifadhiwa na mtu asiye wewe. Ni kama mlinzi wa geti ambaye kila akikagua kitambulisho anaandika jina kwenye kaunta buku. Hapa geti ni nchi nzima na kaunta buku ni moja.

Gharama nazo zikazua yake. Serikali ilikadiria pauni bilioni 5.8. Watafiti wa chuo cha London School of Economics, katika ripoti ya Juni 2005, wakasema itakuwa kati ya bilioni 10.6 na 19.2. Mawaziri walikasirika kweli, lakini hasira haikupunguza sifuri hata moja.

Hapa ndipo mashindano ya kampuni za programu yanapoingia, na ni sehemu ya kisa hiki ambayo watu wengi hawaijui. Mwaka 1999 Microsoft ilianzisha huduma iliyoitwa Passport. Lengo lilikuwa akaunti moja na neno la siri moja vikufungulie tovuti zote za duniani, za Microsoft na za wengine, huku Microsoft ikiwa katikati kama karani wa daftari. Mahasimu wake walishtuka. Mwaka 2001 kampuni ya kompyuta ya Sun ilikusanya wenzake wakaunda muungano wa Liberty Alliance, uliotaka utambulisho ugawanywe kwa kampuni nyingi badala ya kushikwa na moja. (Mkuu wa Sun, Scott McNealy, ndiye huyohuyo aliyewaambia waandishi wa habari mwaka 1999 kwamba faragha haipo tena, waizoee. Biashara ina utani wake.) Tovuti za nje zilisita kumkabidhi mshindani orodha ya wateja wao, na mwanzoni mwa 2005 hata soko la mtandaoni la eBay, lililokuwa limekubali, lilijitoa.

Passport iliwapa Microsoft somo la fedheha, na Kim Cameron, Mkanada aliyekuwa msanifu wao wa mifumo ya utambulisho, akaligeuza somo hilo kuwa kanuni saba mwaka 2005. Mbili zinatosha hapa. Moja: mfumo utoe taarifa kidogo kabisa inayotosha kazi iliyopo. Nyingine: asiwepo mtu wa tatu katikati asiye na sababu ya kuwapo. Passport ilianguka kwa sababu hakuna aliyeona kwa nini Microsoft isimame kati yake na duka analonunua. Sasa badilisha jina la Microsoft, weka Wizara ya Mambo ya Ndani, mshika daftari la taifa, usome tena sentensi hiyo.

Na Microsoft wenyewe walilisema. Oktoba 2005 Jerry Fishenden, afisa wao wa teknolojia nchini Uingereza, alionya hadharani kwamba kurundika taarifa za watu wote mahali pamoja kungechochea wizi wa utambulisho kwa kiwango kisichowahi kuonekana. Najua: fisi akikufundisha kulinda mbuzi, hesabu mbuzi kwanza. Kampuni hiyo ilikuwa na mfumo wake wa utambulisho wa kupigia debe, CardSpace, uliojengwa kwa kanuni za Cameron na uliokuja na Windows Vista. Lakini hoja haiwi mbovu kwa sababu ya mdomo ulioitoa, na miaka miwili baadaye serikali yenyewe iliithibitisha.

Novemba 2007 Waziri wa Fedha, Alistair Darling, alisimama bungeni kueleza kwamba idara ya kodi imepoteza diski mbili. Mfanyakazi alinakili faili zima la malipo ya watoto, akalitia kwenye bahasha ya kawaida kwenda kwa wakaguzi mjini London. Bahasha haikufika. Ndani yake mlikuwa na majina, anwani, tarehe za kuzaliwa na akaunti za benki za watu milioni 25. Diski zilikuwa na neno la siri, lakini taarifa hazikufumbwa kwa ufunguo, kwa hiyo ulinzi wake ulikuwa kama kitasa kwenye pazia. Hazikupatikana hadi leo.

Baada ya hapo mradi ulitembea kama aliyekwisha kuhukumiwa. Kadi zilianza kuuzwa Manchester mwishoni mwa 2009 kwa pauni 30, kwa hiari, na wakazichukua watu kama 15,000. Uchaguzi wa 2010 ukaleta serikali mpya iliyozifuta mara moja, na walionunua hawakurudishiwa hela. Februari 2011 waziri Damian Green alipigwa picha akitumbukiza diski za daftari kwenye mashine ya kusagia. Mwezi huohuo Microsoft ilitangaza kuiacha CardSpace; tovuti chache tu ndizo zilizowahi kuipokea. Hivyo kanuni njema za Cameron na daftari lililozivunja vilizikwa pamoja.

Mtu atauliza: mbona Estonia wana kadi za lazima tangu 2002 na wanaishi? Ni kweli, na jibu liko kwenye ujenzi. Kule taarifa za afya zinabaki afya, za kodi zinabaki kodi, na ofisi moja ikichungulia jambo lako, unaweza kuingia mtandaoni ukaona nani amechungulia. Kadi yenyewe hubeba ufunguo wa siri ndani ya chipu. Mwaka 2017 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Masaryk huko Czech, waligundua kwamba programu iliyotunga funguo hizo ilikuwa na kasoro: namba zake zilifuata mpangilio, na kwa kompyuta za kutosha zingeweza kukisiwa. Kadi kama 760,000 ziliguswa. Novemba mwaka huo vyeti vyake vilisimamishwa, watu wakasasisha kadi zao zikapata funguo mpya, wengi wakiwa nyumbani kwao. Linganisha na zile diski mbili. Ufunguo ukiharibika unabadilishwa. Tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi, wala kidole.

Siku hizi hata ukaguzi unaweza kufanyika bila kaunta buku. Leseni za udereva za kwenye simu, zile zinazofuata kanuni za kimataifa, zimejengwa hivi: kila taarifa yako inatiwa kama kwenye bahasha yake na kupewa alama ya pekee, kisha serikali inasaini orodha ya alama zote kwa mkupuo. Mlangoni pa baa ukiulizwa umri, unafungua bahasha moja tu, ile inayosema "amepita miaka 18". Mlinzi analinganisha alama yake na orodha iliyosainiwa, anaona ni halali, basi. Jina lako hajalijua, anwani hajaiona, na hakuna haja ya kumpigia mtu yeyote serikalini kuuliza. Cameron alikuwa akililia jambo hilihili mwaka 2005.

Ndiyo maana Septemba 2025, Waziri Mkuu Keir Starmer alipotangaza kitambulisho cha kidijitali cha lazima kwa kila anayetaka kuajiriwa, mimi sikusisimkia upande wowote. Mamilioni ya Waingereza walitia saini ombi la kukipinga, na miezi michache baadaye serikali ikalegeza kamba: ukaguzi wa waajiriwa uendelee kwa njia ya kidijitali, ila mtu asilazimishwe kutumia kitambulisho hicho kimoja. Wanaokiunga mkono wanazungumzia simu na urahisi, wanaokipinga wanazungumzia udikteta. Sheria yake ikitoka nitaanza kuisoma kutoka nyuma, kwenye kiambatisho cha taarifa zitakazohifadhiwa. Mwaka 2006 ndiko mambo yalikokuwa.