Kwa nini ngamia walishindwa kwenye njia ya dhahabu ya Kanada?

Mwaka 1862 ngamia 23 walifikishwa British Columbia, magharibi mwa Kanada ya leo, wakati huo koloni la Uingereza, ili wapeleke shehena kwenye machimbo ya dhahabu ya Cariboo. Mwaka huohuo Gavana James Douglas alianzisha ujenzi wa barabara ya magari ya maksai kutoka mji wa Yale hadi Barkerville, huko machimboni: zaidi ya kilomita 600, upana futi 18, mahali pengine ikichongwa kwenye ubavu wa korongo la mto Fraser. Ilikamilika 1865, ngamia wakiwa wameshatimuliwa; wao walipita kwenye vijia vyembamba.

Wengi husema ni baridi: mnyama wa jangwani kakutana na theluji, kwisha habari yake. Sivyo. Hawa hawakuwa ngamia wa nundu moja tunaowaona Garissa au ufukweni Mombasa. Walikuwa wa nundu mbili, jamaa za wale wa Gobi, ambako baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Huota manyoya mazito kabla ya kipupwe na kuyapukutisha joto likirudi. Huenda waliostahili kuhurumiwa ni wenye ngamia.

Shida ilianzia miguuni. Nyumbu ana kwato ngumu, tena hupigiliwa chuma. Ngamia ana wayo mpana na laini, unaotanuka anapokanyaga. Ni kama mtu aliyevaa kandambili: mchangani anakwenda raha mustarehe, lakini mpandishe mlima wa mawe makali, mzigo mgongoni, uone kama kila ncha haitamfikia nyayoni. Ngamia wakashonewa viatu vya turubai na ngozi. Havikutosha.

Na hata wangekuwa na miguu ya chuma, ilikuwapo harufu. Farasi na nyumbu wasiozoea ngamia hutishwa nayo vibaya. Husimuliwa kuwa Mfalme Koreshi wa Uajemi aliitumia vitani, karne ya 6 KK, kuwavuruga farasi wa adui. Sasa weka harufu hiyo kwenye kijia chembamba cha Cariboo, upande mmoja jabali, upande wa pili shimo, msafara wa nyumbu na sogi zao ukija mbele. Wakikurupuka, unga, maharage na mnyama mwenyewe vyote huenda bondeni. Wenye nyumbu walikuja juu, wakataka ngamia waondolewe, na biashara ikafa.

Baadhi waliachiliwa porini. Inasimuliwa mchimbaji mmoja alimtwanga risasi mmojawapo, akidhani ni dubu.