Mashine inavyolinganisha alama za vidole

Ulinganishaji wa alama za vidole kwa kompyuta ni kupima kama picha mbili zimetoka kwenye kidole kimoja. Wengi hudhani mashine hulaza picha moja juu ya nyingine. Njia hiyo ipo, ila haifiki mbali: ngozi huvutika, kidole hukaa upande, na mwenye kugandamiza sana huitanua mistari. Kwa hiyo mifumo mingi hulinganisha orodha ya pointi, si picha yenyewe.

Picha huchukuliwa kwa kipimo cha kawaida cha pikseli 500 kwa inchi. Kutoka tuta moja la ngozi (mstari ulioinuka) hadi jingine ni kama nusu milimita, yaani pikseli tisa au kumi hivi. Programu hutenga eneo la kidole, hukadiria matuta yanaelekea wapi katika kila kipande kidogo, kisha huchuja kwa kufuata mwelekeo huo ili lililokatika liungane na yaliyogandana yaachane. Picha hugeuzwa nyeusi na nyeupe tupu, na matuta hukondeshwa hadi upana wa pikseli moja. Hapo kutafuta ni kuhesabu tu: pikseli ya tuta yenye jirani mmoja ni mwisho wa tuta, yenye majirani watatu ni njia panda. Kila pointi huandikwa mahali ilipo na upande inakoelekea.

Kulinganisha ni kuizungusha na kuisogeza orodha moja hadi pointi nyingi iwezekanavyo zikutane na za orodha ya pili, kwa kuvumilia tofauti ndogo ya umbali na pembe. Jibu linalotoka ni namba ya kiwango cha kufanana, si "ndiyo". Ndiyo huja pale namba hiyo inapovuka kizingiti kilichowekwa na binadamu. Ukikishusha, wageni watapita. Ukikipandisha, wenyewe watakataliwa.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza Tanzania mwaka 2019 humtaka mteja ataje kwanza namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa hiyo kidole hulinganishwa na kumbukumbu za mtu mmoja. Kumsaka asiyejulikana ni kazi nyingine kabisa. Mfumo unaokosea mara moja katika kila ulinganisho 100,000, ukipewa kanzidata ya vidole milioni moja, utaleta wastani wa watu kumi wasiohusika. Ndiyo maana polisi huwa na mtaalamu wa kuyapitia majibu kwa macho.

Wakala wa Ngamiani, Tanga, akisema "weka tena", mara nyingi kosa liko kwenye picha. Mvuvi aliyetoka Sahare na mikono mibichi hujaza maji mabonde kati ya matuta, na skana ya mwanga huona doa moja. Fundi wa saruji huja na ngozi iliyoliwa na kukauka. Matuta hukatika-katika, na kila mkato huhesabiwa kuwa mwisho wa tuta. Mkata mkonge huweza kuwa na makovu mapya ambayo hayakuwepo siku ya kusajiliwa.

Futa kioo kwanza, maana mafuta ya mteja aliyetangulia hubaki pale. Kidole kibichi kikaushwe. Kikavu kipate unyevunyevu kidogo tu. Kiwekwe bapa, katikati, bila kukandamiza. Kikikataa, jaribu kidole kingine kilichosajiliwa, kwa sababu kurudia kidole kilichochubuka kutaleta picha ileile mbovu.